Mama Mwalimu Hakunywa Maji ya Mtu

Ungemwambia Mama Mwalimu kwamba jua limechomoza, angekuuliza maswali mawili kabla hajatazama dirishani: "Nani alikuambia? Na yeye anauzisha nini?"

Maswali hayo yamenifuata utu uzima wangu wote. Niliyasikia darasani, niliyasikia sokoni, na mara moja niliyasikia matangani, msemaji akiwa bado hajamaliza kutuambia kwamba marehemu alikuwa mtu wa watu. Mjane mwenyewe alicheka, kisha akakumbuka alipo, akarudi kulia.

Alitufundisha Kifaransa katika masomo ya jioni. Sisi wanafunzi wake tulikuwa watu wazima tulioacha shule kwa ajili ya vita, njaa, ndoa au uvivu, tukarudi kuketi kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa masikio. Mimi mchana niliunganisha vyuma. Jioni nilifika na macho mekundu kama nyanya, kwa sababu ya moto wa kuchomelea, naye akaamini kwamba nakunywa pombe kali ya lutuku. Hakuniuliza, kwa kuwa kumuuliza mlevi kama amelewa ni kumpa nafasi ya kujitetea. Alikuja mwenyewe kwenye karakana, akasimama hadi cheche zikaruka, akanusa pumzi yangu kama mtu anayenusa samaki wa jana, akaondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo aliniheshimu.

Alikuwa mwembamba kama alama ya mshangao, ingawa watu wa kushangaashangaa hakuwapenda. Miwani yake ilifungwa kwa uzi mweusi upande wa kushoto. Sauti yake, nasema ukweli mtupu, iliweza kupasua yai likiwa bado ndani ya kuku.

Alipoita majina darasani, kujibu "nipo" hakukutosha, maana wengi walijibia rafiki zao waliobaki nyumbani. Yeye alikuuliza umekula nini. Siku moja bwana mmoja alijibia mwenzake kwa sauti ya kubana pua.

"Umekula nini?"

"Bukari na mikebuka, Mama Mwalimu," akajibu, yaani ugali na samaki wa ziwani.

"Mikebuka? Mwenzako samaki inamutokesha vipele mwili muzima. Leo amepona?"

Darasa likaanguka kwa kicheko. Bwana yule akatolewa nje pamoja na rafiki yake ambaye hakuwapo.

Baadaye nilipata mahali pa kujenga upande wa Kataki, na bahati ikanitupa jirani naye, lupango lake na langu, yaani viwanja vyetu, vikitenganishwa na ua wa matete. Hapo ndipo nilipojua kwamba watu aliwashuku kidogo tu. Kitu alichokishuku kwa moyo wake wote ni maji.

Sisi wa Kalemie tuna ziwa linalodanganya kwa uzuri. Ukiangusha sindano unaiangalia inavyoshuka, na kuna asubuhi moja ambayo naapa nilimwona samaki kule chini akipiga miayo. Mgeni akitazama maji hayo anasema haya si ya kuchuja, haya ni ya kunywa hapohapo. Mama Mwalimu aliyatazama kama askari anavyotazama karatasi zilizo safi mno.

"Maji ya matope njo mwizi mwenye kupiga kelele," alisema. "Unamusikia, unafunga mulango. Miye naogopa yule anaingia na viatu mu mukono."

Maji yake aliyachemsha hadi yakasahau kwamba yaliwahi kuwa ya ziwa. Sufuria yake ya maji haikupikiwa kitu kingine, na kifuniko chake alikiwekea jiwe. Ukifika kwake na kiu alikupa. Ukimkaribisha kwako, hapo ndipo kazi ilipoanza.

Kila mtu wa huku anajua kwamba anayempa mwenzake kinywaji ndiye anayeonja kwanza. Mwenye nyumba anachota munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, anagusisha midomo mbele ya mgeni, kisha anampa. Ni heshima. Ni hofu pia, ingawa wazee hawatalisema hilo waziwazi: anayeonja anaonyesha kwamba hakutia kitu. Leo wengi wetu tunafanya haraka haraka, midomo inagusa kikombe na basi. Mama Mwalimu hakukubali midomo. Alitaka umeze. Alitazama koo lako likipanda na kushuka, kisha akaanzisha hadithi ndefu ya jambo lingine kabisa, akikuangalia usoni. Hadithi ikiisha nawe bado uko mzima, alikunywa. Kwenye harusi moja baba wa bibi harusi alionjeshwa hivyo kwa kila kikombe kilichopelekwa kwenye meza yake, na saa ya kutoa hotuba ilipofika, mzee alilia tu.

Sasa msinifikirie kwamba alikuwa mtu wa chuma. Huyohuyo aliyechemsha maji hadi yakaomba msamaha alinunua miwa barabarani na kuitafuna bila kuiosha, vumbi na yote. Nilipomwambia, alinijibu kwamba muwa una ganda. Nikamwambia ganda lenyewe analimenya kwa meno. Akaniambia Kifaransa changu bado kina makosa.

Na Kifaransa ndicho kilichokuwa mlango wake wa nyuma. Aliyemsalimia kwa Kifaransa kilichonyooka aliweza kumuuzia moto na yeye akashukuru kwa joto. Mtu mmoja kutoka Kabalo, mwenye tai, alimuuzia redio baada ya kumsemesha robo saa kwa sentensi ndefu zisizo na kosa hata moja. Tulipoifungua redio ile, ndani mlikuwa na kipande cha tofali cha kuipa uzito. Mama Mwalimu alilitazama tofali lile.

"Lakini alisema vizuri," akasema.

Redio hiyo ilikaa sakafuni kwake miaka yote. Aliitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo wa ziwa.

Nimesema hayo ili muelewe hofu niliyokuwa nayo siku ya muuzaji wa mashine.

Mwaka ule wa mvua nyingi, binti yetu Furaha aliugua kolera, yaani kipindupindu. Alikuwa bado anajifunza kutembea. Asubuhi alikuwa anacheka, saa sita macho yake yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya tumbo ukiifinya ilibaki imesimama, hairudi. Tulikimbia naye hadi kwenye hema la wagonjwa, mama yake mbele, mimi nyuma, na hapo sitii chumvi. Alipona. Muuguzi alituambia kwa upole tuangalie maji, kwa kuwa mtoto mdogo hivi hana nguvu ya kurudi mara ya pili.

Mara ya pili. Maneno hayo yalilala nasi kitandani. Tulichemsha, lakini makaa yalilowa na mvua, na kuna siku tulijidanganya kwamba jana tumechemsha ya kutosha. Nikasema nitanunua mashine ya kusafisha maji, hata nikiuza mlango wa karakana.

Muuzaji alifika akiwa amevaa koti jeupe kama la daktari. Mashine yake ilikuwa ya rangi ya maziwa, yenye taa za rangi na sauti ya kuimba ikimaliza kazi. Nilimkaribisha kwangu, majirani wakajaa, na Mama Mwalimu akavuka ua akiwa na kiti chake mwenyewe, maana hata viti vya watu hakuviamini.

Muuzaji akafungua kinywa, nami nikaona hatari. Alisema Kifaransa ambacho hata koma zake zilisikika. Mama Mwalimu akafumba macho. Akaweka mkono kifuani. Nikakumbuka tofali.

Bwana yule akaweka bilauri mbili mezani. Moja aliijaza maji tuliyoyachota ziwani, nyingine maji yaliyopita kwenye mashine yake. Zote zilikuwa nyeupe sawasawa. Akatoa kifaa chenye fimbo za chuma, akakichomeka kwenye betri, akatumbukiza fimbo kwenye maji ya ziwa. Tulisubiri kidogo. Maji yakaanza kugeuka. Yakawa ya njano, yakawa ya kahawia, kisha ukatokea utandu mzito ulioelea kama mchuzi wa maharagwe ulioharibika. Akafuta fimbo, akazitia kwenye maji ya mashine yake. Hayakubadilika.

Mke wangu alimkumbatia Furaha. "Hayo njo maji mutoto alikuwa anakunywa?"

"Hayohayo, mama," akasema muuzaji kwa Kifaransa kilekile na huzuni nzuri. "Macho hayawezi kuona. Mashine inaona."

Mkono wangu ulikuwa umeshaingia mfukoni. Ningempa fedha, ningempa na shati.

Mama Mwalimu akafumbua macho. "Bwana, Kifaransa chako ni kitamu sana. Nani alikufundisha?"

"Mapadri, mama. Kule Kongolo."

"Walifanya kazi. Sasa onja."

Muuzaji akatabasamu, akachukua bilauri ya maji ya mashine, akanywa yote na kulamba midomo.

"Siyo weye," akasema Mama Mwalimu. "Fimbo. Fimbo zako zionje maji yako." Akaelekeza kidole kwenye chupa iliyochungulia kutoka mkoba wa muuzaji, chupa ya maji ya dukani ambayo alikuwa akiinywa tangu afike, hewa ya kwetu ikimkausha koo.

"Mama, haya ni ya kununua. Ni safi kabisa."

"Njo sababu."

"Haina haja, mama."

"Muntu akinipa kinywaji anaonja. Ni desturi. Weye unaleta fimbo, fimbo zionje."

Majirani wakaanza kunung'unika kwamba mgeni anakataa kuonja, na kwetu hilo ni neno baya kuliko wizi. Bwana hakuwa na pa kutokea. Akamimina maji ya chupa yake, akatia fimbo. Yakawa ya njano. Yakawa ya kahawia. Utandu ukapanda juu, mzito kuliko wa ziwa letu.

Majirani wakasogea karibu, hata kuku.

"Papa Furaha," Mama Mwalimu akaniita, "weye njo fundi wa vyuma. Uchafu uko mu maji ama mu fimbo?"

Nikazitazama fimbo. Zilikuwa zimelika kwenye ncha. Mimi ninayeshinda na chuma na umeme kila siku sikuwa nimezitazama, nilikuwa natazama koti jeupe.

"Mu fimbo, Mama Mwalimu. Ni kutu, umeme unazila mu maji."

"Lakini maji ya mashine hayakugeuka," mke wangu akasema, bado amemkumbatia mtoto.

"Pengine chupa ilikaa sana juani," muuzaji akasema, na safari hii alisema Kiswahili.

Jirani mmoja mpiga rangi akamwambia, "Papa, utuachie fimbo tu. Miye nitatengeneza rangi ya kupaka nyumba."

Akafunga vitu vyake. Alipofika mlangoni, Mama Mwalimu akamwita tena, kwa Kifaransa, kwa heshima zote, akamkumbusha asisahau chupa yake.

Nilitegemea atasherehekea. Alikaa kwenye kiti chake akiwa amekasirika, na nadhani alikasirikia Kifaransa chenyewe.

"Mashine siisemi," akaniambia. "Pengine ni nzuri. Pengine kweli inatoa chumvi yote yenye kupitisha umeme mu maji, njo maana fimbo hazikulika mule. Lakini muntu mwenye kitu kizuri anatafuta nini na mazingaombwe? Na ile taa itakula nini siku umeme wa kule Bendera umechoka njiani?"

Juma lililofuata alivaa viatu vyake vya kutokea tukaenda madukani kutafuta chujio la maji. Nimewahi kutembea na mwanajeshi mwenye bunduki, watu hawakutuogopa hivyo. Kila mwenye duka aliulizwa vilevile. Kitu hiki kinatoa tope ama kinatoa ugonjwa? Nani alisema, na karatasi inasema hivyohivyo? Mshumaa wa ndani, ule wa udongo unaochuja maji, ukipasuka, mwingine uko hapa Kalemie ama tuufuate Kigoma? Unaoshwa kila lini na kwa kitu gani? Na mwishoni, akiwa ameshageuka kama anayeondoka: "Na weye, kwako, unakunywa nini?"

Wote waliapa kwamba kwao wanakunywa kutoka chujio lilelile wanalouza. Mmoja aliapa na kitoto chake kikamtazama kwa mshangao.

Wa mwisho alikuwa mzee mnene, mwenye duka dogo karibu na stesheni. Aliuza chujio la kawaida, ndoo mbili za plastiki zilizopandana, juu mishumaa ya udongo mweupe, chini robine ya kufungulia maji. Hakuna taa, hakuna wimbo. Alipoulizwa anakunywa nini, alijikuna shingo.

"Mama, miye nakunywa ya hii. Lakini wakati wa kolera siiachie peke yake. Natia na dawa ya klori kisha. Mushumaa ukipata ufa kidogo, hautauona, na ugonjwa unapita."

"Unaharibu biashara yako."

"Niseme uwongo, kisha mukuje kunililia hapa mu duka?"

Mama Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akachukua mshumaa, akaugeuza kwenye mwanga, akaugonga kwa ukucha na kusikiliza kama anayegonga chungu sokoni. Akakataa wa kwanza, akakataa wa pili, akakubali wa tatu. Akanigeukia. "Ununue kwa huyu."

Nikadhani mambo yameisha. Tulipofika nyumbani, tukaosha kila kitu, tukamwaga maji ya kwanza kama mzee alivyotuelekeza, na jioni matone yakaanza kulia ndani ya ndoo ya chini. Mke wangu akachukua kikombe cha Furaha.

"Mutoto asiguse," akasema Mama Mwalimu. Alikuwa ameleta kikombe chake. "Yeye aendelee na ya kuchemsha. Miye nitakunywa ya hapa mpaka soko la Jumamosi lirudi."

Mimi, mwenye diploma ya masomo ya jioni, nikamweleza kwamba kuonja si kipimo. Mtu anaweza kunywa na asiugue, na maji yakawa mabaya vilevile. Kipimo kiko laboratwari.

"Laboratwari wamekubali kupima maji yako?"

"Nilienda kuuliza. Walisema nisubiri."

"Basi wakati unasubiri, miye njo laboratwari."

"Na ukiugua, Mama Mwalimu?"

Alifungua robine, akajaza kikombe hadi ukingoni. "Miye bukari yangu nimeshakula karibu yote, Papa Furaha. Huyu hata mboga hajagusa."

Akanywa. Katika miaka yote, ilikuwa mara ya kwanza kumwona akinywa nyumbani kwangu bila kuniangalia koo.

Siku zile zilikuwa ndefu kuliko masomo yake. Kila asubuhi mimi na mke wangu tulisimama nyuma ya matete kama wezi wa kuku, tukingoja mlango wake. Ile redio ya tofali ikisukumwa sakafuni, tulipumua. Mara moja alichelewa kufungua, nikaruka ua, nikachana suruali, nikamkuta ameketi kitandani anatafuna muwa.

"Nani alikuambia ninakufa?" akauliza.

Jumamosi aliporudi sokoni alipita kwetu, akakiosha kikombe cha Furaha mwenyewe, akakijaza kwenye robine, akatia tone la klori, akakaa kusubiri, kisha akampa. Mtoto akanywa huku anatutazama sote, akishangaa kwa nini watu wazima watatu wamepiga magoti mbele yake.

"Yule muzee wa duka hakusema uwongo," akasema Mama Mwalimu akinyanyuka kwa shida. "Lakini musimuambie. Ataanza."

Mwaka huu amehama. Miguu ilikataa, na binti yake aliye Kongolo akaja kumchukua. Tulimsindikiza stesheni. Treni yetu haichelewi, huwa inafikiria, na siku hiyo ilikuwa na mengi ya kufikiria. Jua likapanda. Mama Mwalimu aliketi juu ya sanduku lake, na mapajani ameiweka redio ya tofali, amekataa kuiacha. Wauzaji wa maji ya mifuko walipita na ndoo vichwani wakiita, yeye akiwatazama kila mmoja hadi akapotea.

Furaha sasa ni msichana wa shule, mrefu, ana mdomo. Yeye ndiye aliyebeba kibidoni cha maji kutoka kwenye chujio letu, kwa safari ya mama yake huyo wa pili. Aliona Mama Mwalimu analamba midomo, akafungua kifuniko, akamimina kikombe. Mkono wa mzee ukanyooka. Furaha hakumpa.

Alikunywa kwanza yeye. Hakugusisha midomo, alimeza, koo likapanda na kushuka, akafungua kinywa wazi ili ionekane hakuna kilichobaki. Kisha akaanza kumsimulia habari ya mbuzi aliyeingia darasani kwao, hadithi ndefu isiyo na kichwa, huku akisubiri. Ilipoisha, akajaza kikombe tena na kumpa kwa mikono miwili.

Mama Mwalimu alikishika bila kunywa. Miwani yake ilikuwa imeingia ukungu.

"Nani alikuambia ufanye hivyo?"

"Ni weye, Mama Mwalimu."

"Na miye nauzisha nini?"

Furaha akatazama sanduku, akatazama redio, akatazama viatu vya kutokea vilivyochakaa pembeni. Alitafuta kwa haki, kama anavyofundishwa.

"Hauuzishi kitu."

Mama Mwalimu akanywa hadi mwisho, hakunusa kikombe, akamrudishia.

"Ongeza," akasema.